Mke wa Wembe Kwenye Stempu

Kijiwe chetu ni ubao mmoja tu: mlango wa zamani uliovuliwa bawaba, ukalazwa juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi. Tundu la kitasa bado lipo katikati, na mgeni asiyelijua hulikalia mara moja tu, harudii. Mimi ndiye mwenye birika. Nakaa mwisho wa ubao, upande wa kivuli, jiko miguuni na vikombe ndani ya ndoo, na jina nililopewa na wazazi limeshasahaulika. Wananiita Bi Birika. Wanaume huja asubuhi wakisema wanapita tu, na wanapita hadi jua la utosi. Kinyozi mwenyewe tunamwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Yupo Methali, aliyekuwa akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba mpaka akastaafu, mtu asiye na neno lake mwenyewe. Yote ameyaazima kwa wahenga, na akiyarudisha yamevunjika. Yupo Redio, muuza magazeti, ambaye habari zake hazimo katika magazeti anayoyauza. Na ng'ambo ya barabara, ikitutazama uso kwa uso, ni posta. Hiyo posta ndiyo iliyotuharibia wiki.

Mji wetu ulikombolewa zamani, mwaka wa vita. Juzi serikali ikakumbuka, posta ikatoa stempu tatu za ukombozi. Ya kwanza ni daraja la mtoni limevunjika kiuno, na mbuzi amesimama juu ya kipande kilichobaki. Ya pili ni mnara wa saa wa stesheni. Ya tatu ni picha iliyopigwa asubuhi ile ile wakombozi walipoingia: lori, vumbi, na binti mbichi amemkumbatia askari kijana, kijana meno yote nje.

Binti huyo ni mke wa Wembe. Askari huyo si Wembe.

Ingekuwa stempu tu, ndogo kama ukucha, mtu angejifanya haoni. Lakini posta waliikuza ile ya tatu ikawa bango la urefu wa mlango, wakalitundika ukutani upande wa barabarani. Na kioo kikubwa cha Wembe kinatazama barabara. Kwa hiyo kila aliyeketi kunyolewa, nyuma ya kichwa chake, Wembe alimwona mkewe shingoni mwa mwanamume mwingine. Siku ya kwanza alimkata mteja sikio. Siku ya pili akakigeuza kiti, watu wakanyolewa wakitazama ukuta wenye kalenda. Siku ya tatu, ndiyo hii ninayoisimulia, alikifunika kioo kwa taulo, akatoka nje akakaa nasi, ndevu zimeota mashavuni kama magugu. Kinyozi mwenye ndevu ni kama fundi cherehani mwenye kiraka: watu wanapita wanacheka.

Redio ndiye aliyeanza. Siku zote ni yeye.

— Mzee Wembe, naona na wewe umeanza kufuga.

— Nyamaza.

— Nauliza tu. Nyumbani wembe umeisha?

— Sijalala nyumbani.

Methali akaweka kikombe chini.

— Hujalala nyumbani? Umelala wapi, bwana?

— Kwenye kiti changu. Kinalala vizuri. Unavuta kile chuma, kinainama.

— Na Mama Pacha anasema nini?

Mama Pacha ndiye mkewe. Ana duka la udobi mtaa wa pili, anafua na kupiga pasi, na taulo za kinyozi hufuliwa kwake. Wiki ile taulo zilikuwa zimerundikana mlangoni kwa Wembe, zimeanza kunuka.

— Sijui anasema nini, Wembe akajibu. Sijamuuliza.

— Siku tatu?

— Nitamuuliza nini? Macho ninayo. Miaka yote hii nimeishi na mtu, nimekula naye, nimelea naye watoto, halafu naambiwa na posta! Na posta!

— Pole sana, Methali akasema. Lakini wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Wembe akamgeukia polepole.

— Unanifariji au unanizika?

— Nakufariji.

— Basi usinifariji tena.

Nikammiminia Wembe kahawa bila kuulizwa. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa na langu moyoni. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini ningeweza kupotea mwezi mzima, nikirudi angeniuliza chumvi iko wapi. Nikamtazama huyu mzee mzima anayelala kwenye kiti cha chuma kwa ajili ya kumbatio la zamani, nikamwonea wivu mwenzangu Mama Pacha. Kuonewa wivu nako ni riziki, si kila mwanamke hupewa.

— Mimi naona mnapigania kitu kidogo, Redio akasema. Jambo la kuumiza hapa ni yule mbuzi.

— Mbuzi gani tena?

— Mbuzi wa darajani! Mnajua ni mbuzi wa nani? Wa baba yake mchinjaji wa sokoni. Basi mchinjaji tangu juzi hapitiki. Amebandika stempu kwenye mizani. Ukimwambia punguza bei anakwambia, "Unajua unaongea na ukoo gani?" Jamani, mimi nimezaliwa wiki ile ile ya ukombozi! Mama yangu aliniita jina la siku ile! Kama kuna mtu wa kuwekwa kwenye stempu ni mimi. Wananiruka mimi, wanaweka mbuzi!

— Mbuzi alikuwa darajani, nikasema. Wewe ulikuwa unanyonya.

— Na mimi, Methali akadakia, mimi je? Asubuhi ile nani alifungua maji? Adui alikuwa ameufungia mji mzima maji. Nikatambaa hadi kwenye valvu kuu, nikaizungusha kwa mikono yangu hii, bomba zikapiga kelele mitaa yote. Hao askari wenyewe walikunywa maji yangu. Uko wapi mnara wa maji kwenye stempu? Wanaweka saa! Saa yenyewe ilikuwa imesimama!

— Ulizungusha valvu gani wewe? Si ulikuwa unasoma mita tu?

— Asomaye mita hujua valvu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hiyo nayo haihusu.

— Inahusu. Valvu ilikuwa chini.

Wembe alikuwa hasikilizi. Alikuwa analitazama bango.

— Angalieni mkono wake, akasema. Mkono wa kushoto. Uko wapi?

Tukaangalia. Mkono wa binti ulikuwa umepita nyuma ya kisogo cha askari, vidole vimezama kwenye nywele.

— Uko kisogoni, nikasema.

— Kisogoni! Mimi natengeneza visogo tangu nina miaka kumi na mitano. Najua kisogo ni mahali gani. Mtu hashikwi kisogo hivi hivi. Na mimi, mnajua mimi alinipa nini siku hiyo?

Hatukujua. Hakuwahi kutusimulia, na kijiweni kwetu mambo ya vita yalikuwa ni ya kupigia kelele, si ya kusimulia.

— Nilikuwa nimefungiwa ghala la chumvi. Mimi na wanaume wengine wa mji. Wengine wanabeba magunia, mimi nawanyoa wakubwa wa adui, maana nilikuwa mwanafunzi wa kinyozi. Kila asubuhi wananitoa, nanyoa shingo za watu wanaotuua, wananirudisha. Siku wakombozi walipoingia tulisikia tu milio. Hakuna aliyekumbuka kuna watu ghalani. Tumefunguliwa jioni, macho yanawaka kwa chumvi. Nikakimbia moja kwa moja hadi kwa kina huyu binti. Tulishachumbiana. Nikamkuta uani, na baba yake amesimama. Binti akanijia. Akanipa mkono.

— Mkono?

— Mkono! Wa salamu! "Habari za huko," akaniambia. Kama nimetoka sokoni! Na mimi nikajisemea, huyu binti ana adabu, haya ndiyo malezi, nimepata mke. Miaka yote nimejisifia ule mkono. Kumbe asubuhi kumbatio lilikuwa limeshatoka. Limekwenda kwa mtu wa lori. Mimi nimepewa chenji.

Pale hata Redio alinyamaza. Lakini Redio kunyamaza kwake ni kama redio kweli: inatafuta stesheni nyingine.

— Methali, mpe moja ya maana, nikasema.

Methali akafikiri.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wembe akasimama, kahawa ikammwagikia gotini.

— Mwenyeji apone! Mwenyeji nani? Mimi ndiye mwenyeji! Nimepona nini?

— Tulia, mzee, tulia. Nilimaanisha mji ndio ulipona.

— Kaa chini, Redio akamvuta. Kaa nikwambie kitu. Mimi sina hakika kama picha ile ni ya siku ile.

— Ni ya siku ile. Kanga ile naijua, nilimnunulia mimi.

— Haya, basi kanga ni ile. Lakini yule askari siye askari. Mtazame nguo. Zimembana kifuani, mikono mifupi. Mtu aliyevaa nguo zake mwenyewe habanwi hivyo. Yule ni adui! Amevua sare zake, amemvua maiti sare za mkombozi, amejichanganya na watu ili aponyoke. Mama Pacha amemkumbatia jasusi!

— Toba, nikasema.

— Serikali imeweka jasusi kwenye stempu! Nikiipeleka hii gazetini, wananinunulia nyumba.

— Gazeti lako halinunui hata chumvi, Methali akamwambia. Halafu jasusi gani anacheka hivyo? Jasusi hacheki. Kimya kingi kina mshindo.

— Safari hii umepatia.

— Kweli?

— Hapana.

Wembe alikuwa amekaa tena, kichwa mikononi.

— Mnajua kinachoniua? akasema chini kwa chini. Si picha. Picha ningeichana. Ni huko kulamba.

— Kulamba nini?

— Stempu inabandikwaje? Si unailamba? Nchi nzima, watu nisiowajua, wanamlamba mke wangu mgongoni! Halafu wakimaliza kumlamba, karani anachukua muhuri anampiga nao usoni. Pap! Nilikwenda jana nikamwambia karani, nipe zote. Zote za picha ya tatu, nitazichukua mimi. Akaniambia, mzee, nyuma kuna makasha. Makasha!

Nilicheka. Nilijifunika kanga nikacheka, Mungu anisamehe. Methali naye mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Redio peke yake hakucheka. Alikuwa amekodoa macho ng'ambo ya barabara, ambako meneja wa posta alikuwa ametoka kulinyoosha bango lililokunjwa na upepo. Ni mzee wa umri wa Wembe, aliyehamishiwa kwetu mwaka uliopita, mwenye upara, mpole, mjane.

— Jamani, Redio akasema. Jamani, jamani. Tazameni masikio.

— Masikio ya nani?

— Ya meneja. Kisha tazama ya askari.

Tukatazama. Meneja alikuwa na masikio makubwa. Askari naye alikuwa na masikio makubwa.

— Watu wengi wana masikio, nikasema.

— Lakini si yale! Nywele huisha, meno hung'oka, sikio halizeeki. Sasa fikirini. Picha za siku ile ni ngapi? Nyingi. Nani amechagua hii? Posta. Nani amehamia hapa mwaka uliopita, mjane, hana mtoto, hana ndugu, kati ya miji yote ya nchi hii akaomba mji huu? Nani ametundika bango mbele ya duka la mume? Ile si stempu, Mzee Wembe. Ile ni barua! Amemwandikia mkeo barua na nchi nzima imeilipia!

Hapo kahawa yangu yote ingemwagika kama nisingeliwahi birika, maana Wembe aliruka akaupindua ubao nusu. Alikuwa bado amevaa koti lake jeupe la kazi, na mfukoni alikuwa na wembe wa kukunja, ule wa zamani. Sidhani kama aliukumbuka. Lakini sisi tuliukumbuka.

— Wembe! Methali akaita. Wembe, bwana! Haraka haraka haina baraka!

Ya kwanza iliyofaa asubuhi nzima, na mwenye kuambiwa hakuisikia.

Alikuwa katikati ya barabara, meneja bado amempa mgongo akihangaika na kamba, Mama Pacha alipotokea kwenye kona. Alikuwa na beseni kichwani, taulo nyeupe zimekunjwa zimepangwa. Alikuwa amekuja kwa mlango wa nyuma kuzichukua alfajiri, Wembe amelala kitini, na sasa anazirudisha zimefuliwa na kupigwa pasi. Akamwona mumewe, akaona ndevu, akaona mkono uko mfukoni. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka. Hakuhitaji kuambiwa na Redio.

— Baba Pacha, akasema. Shika beseni, shingo inaniuma.

Na Wembe, jamani, akashika beseni. Atafanyaje? Mwenye beseni ameshaliachia. Akasimama katikati ya barabara na taulo zake mikononi, pikipiki zinampigia honi kulia na kushoto, mpaka mkewe akamshika kiwiko akamvuta hadi kijiweni.

— Shikamooni wazee, akasema. Bi Birika, hujambo mwenzangu.

— Sijambo, Mama Pacha. Za nyumbani?

— Nyumbani pakubwa, siku hizi nalala peke yangu. Akamgeukia mumewe. Sema sasa. Hapa hapa, mbele ya hawa, maana najua wameshalisema lote. Sema.

Wembe alitazama taulo.

— Kisogo, akasema.

— Kisogo cha nani?

— Ulimshika kisogo.

Mama Pacha aligeuka akalitazama bango. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza analitazama sawasawa. Alisimama pale muda, mkono kiunoni, kama anatazama nguo yenye doa asilolijua.

— Sikumkumbatia, akasema. Nilimdaka.

— Ulimdaka?

— Alikuwa anaanguka. Sikia, Baba Pacha, na nyie sikilizeni, maana sitarudia. Malori yaliingia, watu wakatoka majumbani, tukawa tunapiga vigelegele na tunalia. Nilikuwa nimeshika kata ya maji. Maji yalikuwa ya mtungini, ya mwisho.

— Bomba zilikuwa zimefunguka asubuhi ile, Methali akasema.

— Zilifunguka keshokutwa yake, Mzee Methali.

Methali akainamia kikombe.

— Kijana akaruka toka kwenye lori, karibu yangu. Nikampa maji. Akanywa, akaniuliza, "Hapa wapi?" Nikadhani ananitania. Nikamtajia jina la mji. Akalirudia, kama mtoto anayefundishwa. Alikuwa hajui, jamani! Ameukomboa mji hajui unaitwaje. Halafu akasema, "Mdogo wangu amebaki darajani." Nikamwambia atakuja, malori bado yanaingia. Akasema, "Hapana. Amebaki." Akaanza kutetemeka. Zile nguo mnazoona zimembana, ni za mdogo wake. Zake zilikuwa zimelowa mtoni alipomfuata, akavaa zile kavu za mdogo wake zilizobaki kwenye begi. Magoti yakamwisha. Nikamdaka. Kichwa kilikuwa kinaangukia bodi ya lori, nikaweka mkono hapo, nyuma, kisipigike. Huyo mpiga picha kapita na kamera yake, kapiga, kaenda.

— Lakini anacheka, Redio akasema, sauti imepungua. Meno yote nje.

— Mtazame vizuri.

Tukatazama. Bango lilikuwa pale siku tatu, tumeshalipima kanga, tumelipima masikio, tumelipima sare. Na hakuna kati yetu aliyekuwa amemtazama yule kijana machoni. Macho yalikuwa yamefumbwa, yamebanwa. Mdomo ulikuwa wazi kwa namna ambayo, ukishaambiwa, huwezi tena kukiona kicheko. Nikamwona anavyolia. Nilitaka nigeuze uso na sikuweza.

Wembe aliweka beseni juu ya ubao.

— Hukuniambia, akasema.

— Ulitoka ghala la chumvi, macho mekundu, mbavu zinahesabika. Nikueleze habari za mtu mwingine aliyefiwa? Na kesho yake tukaanza kutafuta chakula, kisha harusi, kisha pacha. Maisha yalituwahi.

— Na mimi ulinipa mkono.

— Baba alikuwa amesimama! Ulitaka nikurukie shingoni mbele ya baba yangu? Lakini ulinipa wako ukiwa na harufu ya sabuni ya kunyolea. Miezi yote ile nilikuwa nalala nikijiuliza, hawajamuua? Nikaunusa ule mkono nilipoingia ndani. Nikajua uko mzima na kazi yako unaifanya. Usiku ule ndio nililala usingizi. Sasa wewe unaona ni chenji?

Sijui nani alimwambia hilo la chenji. Labda hakuambiwa; labda miaka ikipita, mtu na mumewe hutumia maneno yale yale. Wembe alijifuta uso kwa taulo safi, akaishikilia usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kufuta jasho.

— Ndevu hizo, Mama Pacha akasema, unafanana na mwizi wa kuku. Ingia ndani ujinyoe, halafu twende nyumbani ule.

Hapo ndipo yule mgeni alipovuka kutoka posta. Bwana mmoja mwembamba, shati limechomekwa, amekumbatia albamu nene yenye jalada gumu. Akaomba kahawa, akaamkia kila mtu, akakaa, na tundu la kitasa likamfundisha adabu. Akasogea. Akatueleza kwamba anakusanya stempu, amesafiri kutwa nzima kuja kuzipata hizi zikiwa na muhuri wa mji wenyewe.

Redio hakuweza kujizuia.

— Hiyo ya tatu, mzee? Umekuja mahali penyewe. Binti wa kwenye picha ndiye huyu hapa! Na huyu ndiye mumewe!

Mgeni akamtazama Mama Pacha, akatazama bango, akamtazama tena Mama Pacha. Akasimama kwa heshima, karibu amwage kikombe. Akafungua albamu juu ya magoti. Stempu ya tatu ilikuwa imeshabandikwa katikati ya karatasi, mstari wa muhuri umeipita pembeni tu, nyuso zote mbili safi. Chini yake palikuwa peupe. Akatoa kalamu.

— Mama, naomba unisaidie. Mimi chini ya kila stempu huandika nani yumo. Mbuzi nimeshaambiwa ni wa nani, mchinjaji kanieleza mwenyewe, hata jina la mbuzi kanipa. Wewe naomba jina lako.

Mama Pacha akamtajia jina lake, lile la usichana, ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Akaliandika kwa herufi nzuri.

— Na kijana, mgeni akauliza. Huyu kijana anaitwa nani?

Mama Pacha akamgeukia mumewe.

Mgeni naye akamtazama Wembe. Wembe, aliyekuwa na ugomvi na kijana huyo siku tatu, mchana na usiku, hakuwa na jina lake. Akamtazama Redio, mwenye habari za jasusi na za masikio. Redio akatazama magazeti yake. Akamtazama Methali, na Methali akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuleta moja, wahenga wasimjie.

— Sikumuuliza, Mama Pacha akasema. Lori lilipiga honi, wakamvuta juu, wakaendelea mbele. Kule mbele bado walikuwa wanapigana.

— Hata la mdogo wake? Wembe akamuuliza. Sauti yake ilikuwa nyingine. Hakukutajia hata la mdogo wake?

— Alilitaja. Alilitaja mara nyingi, kichwa kiko hapa begani. Lakini lilikuwa jina la kwao, geni, na alikuwa analia. Sikulishika. Nilisikia kilio tu.

Kalamu ya mgeni ilikuwa bado hewani. Ng'ambo ya barabara meneja alikuwa amemaliza kufunga kamba zake, bango limenyooka. Wembe alisimama akaliangalia, na safari hii nilifuata macho yake. Hayakwenda kwenye kisogo.

— Andika mtoto wa watu, akasema.

— Hilo si jina, mzee wangu, mgeni akajibu kwa upole.

— Najua.

Mgeni hakuandika. Akapuliza wino wa jina la Mama Pacha ukauke, akaacha nafasi kando yake, akafunga albamu. Wembe akasogea kwenye ubao, Mama Pacha akakaa, na ni mara ya kwanza namwona amekaa kijiweni. Nikainua birika nimmiminie. Likatoa tone moja, kisha masimbi matupu ya kahawa.